Maswali ya Kericho na Bomet, Bajeti ya Washington



Nianze na iodini. Katika hospitali ya Tenwek, kule Bomet, daktari akitaka kujua kama umio wa mtu umeanza kuingiwa na saratani, hupitisha kamera nyembamba mdomoni hadi ndani ya umio, kisha hunyunyizia ukuta wake maji ya iodini. Chembe zenye afya huwa na akiba ya sukari, nazo zikiguswa na iodini hugeuka kahawia iliyokolea. Chembe zilizoanza kuharibika zimeshapoteza akiba hiyo, kwa hiyo hazishiki rangi. Katikati ya ukuta wa kahawia daktari huona baka jeupe lenye umanjano, pengine dogo kama ukucha. Hapo hukata kipande kidogo cha kupelekwa maabara. Kazi yenyewe huchukua dakika chache, na iodini si dawa ya bei ghali.

Watafiti waliwachunguza hivyo wakazi wapatao 300 wa eneo hilo ambao hawakuwa na dalili yoyote. Walikuwa watu wanaokula ugali na sukuma bila shida, wanaoamka alfajiri kwenda kuchuma chai au kukamua ng'ombe. Karibu mmoja kati ya kila saba alikutwa na mabadiliko yanayotangulia saratani. Matokeo hayo yalichapishwa 2016. Aliyeongoza uandishi wake ni Michael Mwachiro, daktari wa upasuaji Mkenya wa Tenwek, na pamoja naye walikuwamo wanasayansi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Naomba jina la taasisi hiyo likae akilini mwenu, maana ndiyo njia ya kutufikisha kwenye hoja yangu ya leo.

Saratani ya umio, ambayo wengi wetu tunaiita saratani ya koo, sote tunaijua hata kama hatujawahi kusoma kitabu chake. Kwanza mzee anaanza kuteremsha kila tonge kwa maji. Anasema ugali wa siku hizi mkavu. Baada ya majuma kadhaa anaacha nyama, kisha anaacha ugali, anabaki na uji na maziwa. Mwisho mate yenyewe hayapiti, anashika kopo la kutemea mchana kutwa. Kufikia siku anapoletwa hospitali, mara nyingi ugonjwa umeshatoka nje ya umio na kisu hakisaidii tena. Ndiyo maana Tenwek imejulikana duniani kwa jambo ambalo ni la heshima na la uchungu kwa pamoja: madaktari wake, akiwamo Russell White, wamewawekea mamia kwa mamia ya wagonjwa stenti, yaani bomba la wavu wa chuma linalotanuka lenyewe ndani ya umio na kumfungulia mtu njia ya chakula. Mgonjwa anaondoka akiwa anakula. Saratani inabaki palepale, lakini miezi iliyobaki anaishi akila mezani na watoto wake.

Mwaka 2002 madaktari wa Tenwek waliandika katika jarida la Lancet kwamba kule Bomet ugonjwa huu unawapata hata vijana. Katika nchi nyingi saratani ya umio ni ya watu waliovuka miaka 60. Kule walikuwa wanawaona watu ambao hawajafika 30. Utafiti uliofuata umetuweka kwenye ukanda mrefu unaoshuka kutoka Ethiopia, ukipita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambamo ugonjwa huu ni mwingi kuliko sehemu nyingine za bara. Kwa nini sisi? Jibu moja hakuna. Katika utafiti uliofanywa Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, kazi iliyoongozwa nchini na Profesa Diana Menya, waliosema wanakunywa chai ikiwa ya moto sana walikuwa katika hatari zaidi ya wale wanaongoja ipoe. Pombe za busaa na chang'aa zilionekana kuhusika. Meno yaliyoharibika pia. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha unachunguzwa. Mursik, maziwa yetu ya kuchachushwa, nayo imeshukiwa kwa miaka mingi, kwa sababu maziwa yanapochachuka ndani ya kibuyu kiitwacho sotet huweza kutoa kemikali iitwayo asetaldehaidi, na baadhi ya sampuli zilizopimwa zilikuwa nayo kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba mursik ndiyo mkosaji, na mimi sitawaambia mvunje vibuyu vya mama zenu kwa ushahidi nusu.

Kuhusu chai nitasema wazi, kwa kuwa tuko Kericho. Mwaka 2016 shirika hilo la Lyon liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kosa ni la moto, majani ya chai hayana hatia. Mnaotoka shambani na baridi ya asubuhi mkimimina chai ya thamosi na kuinywa ikitoa mvuke, ngojeni kidogo. Ushauri huu haugharimu hata shilingi, na ulipatikana kwa sababu kuna mtu aliuliza swali na mtu mwingine akalipia jibu.

Aliyelipa ni nani? Kazi ya saratani ya umio katika ukanda wetu imeegemea sana fedha, maabara na wataalamu wa serikali ya shirikisho ya Marekani. Taasisi yao ya saratani ilianza zamani kuufuatilia ugonjwa huu kule Linxian, China, ambako katika miaka ya 1980 iliwaandikisha watu karibu 30,000 katika jaribio la vitamini na madini. Ujuzi wa iodini na kamera, na maarifa ya kusoma vipande vya umio, ulikomaa kule kisha ukaja Tenwek. Sina kinyongo na safari hiyo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa mgeni alikuja na wenyeji wengine wakapona kweli. Ninachouliza ni hiki: mgeni akiitwa nyumbani kwao kesho, swali letu linabaki na nani?

Jambo hili la maswali yetu kujibiwa na wageni halikuanzia Bomet. Mashamba ya chai ya Kericho yamekuwa maabara ya dunia kwa miongo mingi. Kampuni ya Brooke Bond ilikuwa na hospitali yake, na hospitali ile iliandika. Kila mfanyakazi aliyelazwa kwa malaria aliingizwa kwenye daftari, mwezi baada ya mwezi, kuanzia miaka ya 1960. Watafiti walipoyafungua madaftari hayo miaka ya 1990 waliona malaria ikirudi juu mlimani, mahali ambapo baridi ilitazamiwa kuwazuia mbu. Ukazuka ubishi mkubwa. Mwaka 2002, katika jarida la Nature, Simon Hay na wenzake walisema hali ya hewa haijabadilika vya kutosha kueleza ongezeko hilo, na wengine waliokuwa wakiyachunguza madaftari hayo wakanyooshea kidole dawa ya klorokwini, ambayo ilikuwa imeanza kushindwa na vimelea. Wapinzani wao walijibu kwamba takwimu za joto zilizotumika zilikadiriwa kwa ramani ya dunia, hazikupimwa hapa.

Ubishi uliendelea hivyo miaka kadhaa, kati ya watafiti wa vyuo kama Oxford na Michigan, mpaka 2011. Mwaka huo Judy Omumbo, mwanasayansi wa Kenya, pamoja na wenzake wakiwamo wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya, waliweka mezani vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha hapahapa Kericho, vya kila siku tangu 1979 hadi 2009. Vilionyesha joto limepanda kwa karibu sehemu mbili za kumi za nyuzi kila miaka kumi. Klorokwini haikuachiliwa kwa hilo, wala ubishi wote haukuisha, lakini hakuna aliyeweza tena kusema kwa urahisi kwamba Kericho haijapata joto. Fikirini jambo hilo. Wataalamu wa vyuo vikubwa walikuwa wakibishana juu ya mlima huu, na kilichosogeza mbele hoja ni kazi ya mtumishi wa serikali ambaye kila asubuhi, mvua au jua, alisoma kipimajoto akaandika. Kazi ile ililipiwa na bajeti ya Kenya. Ni fedha kidogo mno, lakini bila yake tungekuwa tunaelezwa habari za hewa yetu na watu waliokadiria kutoka mbali.

Sasa niende kwenye damu, na hapa naomba utulivu maana tuna watu wetu katika habari hii.

Taasisi ya Walter Reed, ambayo ni taasisi ya utafiti wa tiba ya jeshi la Marekani, iko Kenya tangu 1969, na kwa muda mrefu imefanya kazi pamoja na KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba. Kericho ilipata kituo chake cha utafiti wa Virusi vya Ukimwi. Utafiti uliofanywa katika shamba moja kubwa la chai mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwakuta na virusi watu wazima 14.3 kati ya kila 100. Kwa wanawake ilikuwa 19.1 na kwa wanaume 11.3. Hao ndio waliokuwa wakiishi katika kambi mnazozijua, chumba kimoja, bomba moja la maji kwa safu nzima ya nyumba. Mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, ulioanzishwa 2003 na serikali ya Rais George W. Bush ulipofika Bonde la Ufa Kusini, ulipitia kwa hao hao watu wa Walter Reed. Dawa zikaja. Kuna watu katika ukumbi huu ambao wazazi wao wako hai kwa sababu ya dawa hizo, na shukrani hiyo tuitoe bila kigugumizi.

Kisha, kuanzia 2009, Kericho ikaingia katika utafiti mwingine pamoja na Kampala, Mbeya na Thailand. Watu zaidi ya 2,200 ambao hawakuwa na virusi lakini walikuwa katika hatari kubwa walikubali kudungwa kidole mara mbili kwa wiki, wiki hadi wiki. Wengi walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Lengo lilikuwa kuvinasa virusi siku za mwanzo kabisa, kabla mwili haujatengeneza kingamwili zinazoonekana kwenye vipimo vya kawaida. Watu 112 waliambukizwa katika muda huo. Kutokana na damu yao dunia ilijifunza kwamba virusi hufika kilele katika siku kama 13 tangu vinapoonekana kwa mara ya kwanza, na kwamba kufikia siku ya 31 hivi kiwango kinachobaki mwilini kimeshatulia. Jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo hayo 2016.  Siku hizo 31 ziliandikwa pia na vidole vya wanawake wa Kericho ambao wengine wetu hatungewasalimia barabarani.

Naliweka jambo hili mbele yenu kwa sababu utafiti mara nyingi unasimuliwa kama zawadi iliyotoka ng'ambo. Hapa waliotoa walikuwa wawili. Mmoja alitoa dola, mwingine alitoa damu mara mbili kwa wiki. Aliyetoa damu hakuwa na sauti katika kuamua swali gani liulizwe, wala utafiti uishe lini.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Kote nchini kwetu wafanyakazi wa miradi ya afya walirudishwa nyumbani, wengine kwa ujumbe wa simu. Kufikia Julai mwaka huo shirika lao la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Tarehe 1 Mei, NIH, yaani taasisi za taifa za afya za Marekani, zilitangaza kusimamisha utaratibu wa chuo cha Marekani kupokea ruzuku kisha kumgawia mshirika wake wa nje. Utaratibu huo ndio uliokuwa mlango wa watafiti wengi wa Kenya. Pendekezo la bajeti ya Rais wa Marekani kwa mwaka 2026 lilitaka kupunguza fedha za NIH kwa karibu asilimia 40. Bunge lao lilikuwa na haki ya kukataa, na wanasayansi wao walipiga kelele. Walikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa sababu ni kodi yao. Sisi hatuna mbunge katika Bunge la Marekani, hivyo kelele zetu inafaa tuzipeleke Nairobi.

Nairobi tuna sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema kwamba kila mwaka Hazina ya Taifa itaweka katika Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Imeandikwa, imesainiwa. Haijawahi kutekelezwa kwa kiwango hicho hata mwaka mmoja. Kama ingetekelezwa hata kwa nusu, maswali ya Bomet yangekuwa na mlipaji ambaye tunaweza kumwita mbele ya kamati ya bunge na kumwuliza. Tuna pia taasisi yetu ya taifa ya saratani, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Sijamsikia mwanasiasa wa ukanda huu akisimama katika mkutano wa hadhara kuuliza taasisi hiyo imepewa kiasi gani. Wanauliza kuhusu barabara, na barabara ni muhimu, lakini mzee anayetemea kwenye kopo naye ni mpiga kura.

Tumeshapata onyo. Tarehe 29 Julai 2019 gavana wa Bomet, Joyce Laboso, alifariki kwa saratani, baada ya kutibiwa Uingereza na India. Nchi nzima iliomboleza, na kwa majuma kadhaa tuliahidiwa hospitali za saratani kila mahali. Kama mwenye ofisi kubwa kuliko zote katika kaunti alilazimika kuvuka bahari kutafuta tiba, mama wa Ndanai afanyeje?

Huyo mama sasa anaambiwa kuna SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anakadiriwa mapato yake na kutakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mkulima wa chai anaishi kwa malipo madogo ya mwezi na bonasi ya mara moja kwa mwaka, na bonasi ya 2025 iliwavunja moyo wengi wa ukanda huu. Mkimwambia alipe ada ya mwaka mwezi ambao hana kitu, mmeshamtoa nje ya hospitali. SHA ilipoanza, kiwango cha saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Ni fedha, siwezi kuzidharau. Lakini zimepangwa kwa ajili ya aliyekwisha kuugua. Ninayempigania ni yule mmoja kati ya kila saba, anayekula ugali leo bila kujua kwamba ana baka lisiloshika iodini. Kulitoa baka hilo kwa kamera mapema ni kazi ndogo ukilinganisha na miezi ya tibakemikali na stenti.

Kuna jambo jingine ambalo halijapewa nafasi ya kutosha, nalo ni data. Tarehe 4 Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini huko Washington makubaliano ya afya ya miaka mitano. Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6, Kenya ikaahidi kuongeza dola milioni 850 za kwake. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu inayohusu kupeleka taarifa za afya za Wakenya nje. Wengine walikasirika wakidhani mahakama inazuia dawa. Mimi naona ilikuwa haki kuuliza. Daftari la malaria la Brooke Bond, kipimajoto cha Kericho, vile vidole vya kila wiki: vyote ni taarifa, na mwenye taarifa ndiye anayeamua swali linalofuata. Kumpa mwenzio nakala si dhambi. Kubaki bila nakala yako ni hatari, hasa sasa ambapo mashamba makubwa yamebadilisha wamiliki na mashine zinachuma mahali palipokuwa na mikono. Wafanyakazi wakipungua, hospitali za mashamba nazo zitapungua, na rekodi za miaka 60 zinaweza kuishia stoo. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet, pamoja na KEMRI, zinapaswa kuzihifadhi rekodi hizo mapema.

Na anayetoa damu apewe majibu. Nataka kila utafiti unaofanywa katika kaunti hizi mbili umalizike kwa mkutano wa hadhara, kwa Kiswahili na Kikipsigis, pale watu walipotolewa damu, kabla ya makala kuchapishwa ng'ambo. Naomba mabunge ya kaunti yatafute njia ya kisheria ya kulazimisha hivyo.

Nimalizie na tarehe. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na Katiba inataka wananchi washirikishwe katika fedha za umma. Mikutano hiyo ya maoni huitishwa, wanakwenda watu ishirini, wanazungumza kuhusu mabomba na madaraja. Safari hii nendeni Longisa, nendeni Kapkatet, nendeni Londiani, mkadai mstari mmoja katika bajeti wenye jina lake: uchunguzi wa umio kwa watu wasio na dalili. Uwe na mshahara wa wauguzi waliofunzwa kushika kamera, kamera yenyewe na fundi wa kuitengeneza, iodini, gharama za maabara, na nauli ya kumtoa mtu Sigor au Kipkelion na kumrudisha siku hiyo hiyo. Mwakilishi wa wadi akisema wafadhili ndio hulipia mambo hayo, mwonyesheni tarehe 20 Januari 2025, kisha mwulizeni yeye ametenga shilingi ngapi.